Viwanja vya Ndege Vinapanuliwa: Na Haki ya Mtu wa Delta Ipanuliwe



Hapana shaka kwamba katika miaka hii nchi yetu imeingia katika zama za viwanja vya ndege. Mwezi Desemba 2012 ulifunguliwa Uwanja wa Songwe kule Mbeya. Tarehe 1 Agosti 2019 lilizinduliwa Jengo la Tatu la abiria katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Mwezi Novemba mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la uwanja mpya wa Msalato, Dodoma. Zanzibar nayo ikapata Jengo la Tatu katika Uwanja wa Abeid Amani Karume, likaanza kutumika mwaka 2021. Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL, lilianza safari za Mumbai mwaka 2019, baadaye likaenda Guangzhou, na mwaka 2024 likaanza kwenda Dubai.

Haya yote yanasemwa redioni, yanasifiwa majukwaani, na sisi tunayasikia tukiwa huku kwenye mikoko. Wapo wanaosema: yanatuhusu nini? Mtu wa Salale usafiri wake ni mtumbwi na boti, na akiamka alfajiri huangalia maji yanakupwa au yanajaa, haangalii ratiba ya ndege. Tunachotaka kukieleza katika makala hii ni kwamba mambo haya yanatuhusu sana, pengine kuliko wengi wanavyodhani. Na kwamba mwenye kunyamaza wakati mambo yanapopangwa asije akalalamika siku yanapotekelezwa.

Sisi si wapinzani wa ndege

Kwanza tuondoe dhana. Hatusemi kwamba viwanja visijengwe. Ndege ni neema miongoni mwa neema alizomjaalia mwanadamu kuzibuni. Wazee wetu walikwenda Hijja kwa majahazi na meli, safari ya miezi, na wengine hawakurudi. Leo Hujaji anatoka Dar es Salaam na kufika Jeddah kwa saa chache tu. Mgonjwa anayehitaji matibabu ya nje anasafirishwa kwa siku moja. Anayeipinga neema hii anapinga jambo ambalo yeye mwenyewe atalihitaji kesho.

Swali letu ni jingine. Neema hii inamfikia nani, inalipiwa na nani, na inapochukua ardhi ya mtu inamwachaje mtu huyo?

Ndege za mwanzo zilikuja kutulenga shabaha

Vijana wetu wengi hawajui kwamba mbingu ya delta ni miongoni mwa mbingu za mwanzo kuruka ndege katika nchi yetu. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mito yetu ya Rufiji. Waingereza waliitafuta bahari nzima. Walipoipekua meli ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, walikuta karatasi zinazoonesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Salale. Jina la Salale, basi, liliingia katika kumbukumbu za vita za dunia kabla halijaingia katika mpango wowote wa maendeleo.

Mwezi Novemba 1914 ndege iliruka juu ya mikoko kuitafuta manowari hiyo. Mwezi Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakatengeneza uwanja wa ndege huko, na kutoka hapo marubani wakawa wanaelekeza mizinga ya meli zao mpaka Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Tunalitaja hili kwa sababu lina somo. Uwanja ule wa Mafia ulijengwa karibu nasi, ukafanya kazi juu ya vichwa vyetu, na ukamaliza kazi yake bila ya mtu wa delta kuulizwa lolote wala kupata lolote. Wakati ule tulikuwa chini ya wakoloni, na mkoloni hakuwa na sababu ya kumuuliza mtawaliwa. Leo tuna Serikali yetu, tuna Diwani, tuna Mbunge, na tangu mwaka 2015 tuna Wilaya yetu ya Kibiti. Je, utaratibu umebadilika kiasi gani?

Mafia ya leo

Mwezi Februari 2008, Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush wa Marekani walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Fedha zile zilikwenda kwenye barabara, maji na umeme katika sehemu mbalimbali za nchi, na sehemu yake ikaboresha Uwanja wa Ndege wa Mafia, ambao barabara yake ya kurukia ilitiwa lami. Mkataba ulimalizika mwaka 2013. Tangu hapo ndege ndogo za abiria zinashuka Kilindoni katika hali nzuri, na watalii wanaokwenda kumtazama papa potwe au kuzamia katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, wanatoka Dar es Salaam na kufika kwa muda wa nusu saa hivi.

Ndege hizo tunaziona. Mvuvi aliye kwenye mlango wa mto huinua macho ikapita. Mtalii aliye dirishani huona mikoko iliyotanda, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote katika Afrika Mashariki, wenye hekta zipatazo 53,000, akapiga picha. Wanaonana bila ya kukutana.

Upande wetu Serikali imejenga gati ya Nyamisati na kuleta kivuko MV Kilindoni cha kwenda Mafia. Tunashukuru, kwani asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi, na kila aliyewahi kuvuka mkondo ule katika chombo cha mbao wakati wa kusi anajua thamani ya kivuko. Lakini gati na uwanja havijaunganishwa kimawazo. Hoteli za Mafia zinahitaji samaki, kamba, mchele, nazi, mboga na matunda. Vingi kati ya vitu hivi vinapatikana delta. Uwanja unapopanuliwa na wageni wakaongezeka, lingekuwa jambo la busara mpango wa uwanja uulize pia: chakula cha wageni hawa kitatoka wapi, na nani atakisafirisha? Swali hilo lisipoulizwa mwanzoni, jibu lake hutolewa na mwenye fedha, na jibu la mwenye fedha ni kuagiza kila kitu kutoka mbali.

Kaa anasafiri, mvuvi anabaki

Tuchukue mfano mmoja ambao kila mtu wa Salale anaufahamu, nao ni kaa wa matope. Kaa huyu hutolewa shimoni kwa fimbo ya kulabu, mtu akiwa amezama magotini katika tope na mbu wakimla. Hufungwa kamba magando, huwekwa mahali penye unyevu, kisha husafirishwa akiwa hai mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo hupanda ndege kwenda China na nchi nyingine za Mashariki ya Mbali, ambako huliwa kwenye mahoteli makubwa.

Biashara hii haiwezekani bila ya ndege. Kaa aliyekufa hana bei. Kila saa inayopotea njiani ni hasara, na kila safari mpya ya kimataifa inayoanzishwa ni soko linalosogea karibu. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwezi Juni 2023 nchi ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 yenye uwezo wa kubeba tani 54, usiseme hilo ni la watu wa mjini. Linakuhusu wewe uliye na matope miguuni.

Hata hivyo, ni nani anayenufaika na kusogea huko kwa soko? Mvuvi wetu anauza kwa tajiri aliyemkopesha nyavu, mtego au fedha ya chakula. Bei haipangwi na mvuvi. Anayenunua ndiye anayepima, ndiye anayechagua, ndiye anayesema huyu mdogo, huyu amekatika gando, huyu amechoka. Mvuvi hana mahali pa kumhifadhi kaa akasubiri bei nzuri, hana habari ya bei ya Dar es Salaam, sembuse ya Guangzhou. Basi hata zikija ndege kumi, faida itaishia juu, na yeye ataendelea kupokea kile alichozoea.

Na jambo hili si la delta peke yake. Kwa miaka mingi minofu ya samaki wa Ziwa Victoria kutoka Mwanza ilikuwa ikipelekwa kwa magari hadi viwanja vya nchi jirani ndipo ipakiwe kwenye ndege za Ulaya. Samaki ni wetu, lakini ushuru wa uwanja, ajira ya wapakiaji na jina la mzigo vilikuwa vya wengine. Taifa lililalamika, na lilikuwa na haki ya kulalamika. Sasa tunauliza: ikiwa Taifa linaona uchungu mali yake inaponufaisha uwanja wa jirani, kwa nini lisione uchungu wa Salale ambayo mali yake inanufaisha kila mtu njiani isipokuwa mwenyewe?

Ardhi ya watu na ahadi ya fidia

Jambo la pili ni zito zaidi. Hakuna uwanja unaopanuka hewani. Unapanuka juu ya ardhi, na ardhi ina watu.

Mfano ulio wazi ni wa Dar es Salaam. Mwaka 1997 nyumba za wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni zilifanyiwa tathmini ili wapishe upanuzi wa uwanja. Mtu akishafanyiwa tathmini huzuiwa kuendeleza. Hajengi chumba cha mtoto aliyeoa, habadilishi bati lililotoboka, hapandi mti wa kudumu, na benki haimkopeshi kwa nyumba hiyo. Waliolipwa mwanzo walingoja zaidi ya miaka kumi. Wenzao wa Kipunguni walingoja mpaka miaka ya 2020. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tathmini alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na baadhi ya wenye nyumba walikwisha kuzikwa, wakawaachia warithi karatasi badala ya mali.

Sheria haikuruhusu hayo. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zinasema kwamba fidia lazima iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni zake zinataja kwamba si thamani ya nyumba peke yake inayolipwa, bali pia posho ya usumbufu, usafiri, pango na faida iliyopotea. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inadai riba, na kwamba tathmini ina uhai wa miaka miwili tu. Basi tatizo letu si upungufu wa sheria. Tatizo ni kwamba anayeidai haki hiyo mara nyingi haijui, na anayetakiwa kuitoa anajua kwamba mwenzake haijui.

Waislamu tuna mfano ulio bora zaidi katika jambo hili, nao unahusu upanuzi hasa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina na kutaka kujenga Msikiti, kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wenyewe walitaka kukitoa bure. Hakukubali mpaka kikalipiwa. Na imepokewa kwamba Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipotaka kuupanua Msikiti huo na nyumba ya Abbas ikawa njiani, Abbas alikataa kuiuza. Khalifa hakutuma askari. Walikwenda mbele ya mwamuzi, na mwamuzi akampa haki Abbas dhidi ya kiongozi wa dola. Abbas alipokwisha kupewa haki yake, ndipo kwa hiari yake akaitoa nyumba kwa ajili ya Waislamu.

Ikiwa Msikiti wa Mtume haukupanuliwa kwa dhulma, ni uwanja gani wa ndege ulio mtukufu zaidi hata upanuliwe kwa dhulma?

Hesabu za amana

Jambo la tatu ni fedha. Viwanja na ndege hununuliwa kwa fedha za umma na kwa mikopo ambayo umma ndio utakaoilipa. Mama anayenunua sukari, sabuni na mafuta ya taa katika duka la Nyamisati analipa kodi ndani ya bei. Naye ni mwenye hisa, ingawa hajawahi kuonyeshwa daftari.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotolewa mwezi Aprili 2025 ilionesha kwamba ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 katika mwaka wa fedha 2023/24, kutoka hasara ya bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Aidha, mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiingiza ATCL katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na mwezi Juni 2025 ukayaingiza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, kwa hoja ya kasoro katika usimamizi wa usalama.

Hatusemi haya kwa kufurahia. Shirika hilo ni letu, na aibu yake ni yetu. Tunayasema kwa sababu yanafundisha kwamba zege na lami haviwezi kuziba nafasi ya uaminifu. Unaweza kujenga jengo la kupokea mamilioni, lakini mafundi wasipopewa vipuri, wakaguzi wasipokagua kwa uhuru na hesabu zisipofungwa kwa ukweli, jengo hilo litakuwa mlango mzuri wa kuwapokea wageni wa mashirika ya wengine.

Jawabu kwa wanaotubeza

Watasema: je, mnataka kila kijiji kiwe na uwanja wa ndege? Hapana. Tunachotaka ni njia inayofika uwanjani. Barabara ya kutoka Bungu hadi Nyamisati ndiyo mlango wa Salale kwa upande wa nchi kavu. Kila shilingi inayowekwa kwenye uwanja iwe na mwenziwe katika barabara, gati, barafu na ghala la mazao ya bahari, maana mnyororo hukatikia penye pete dhaifu.

Watasema tena: watu wa delta ni wazito, kila mradi wanaukataa. Hili si kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikusudiwa kuletwa mradi mkubwa mno wa kufuga kamba katika delta hii. Wanavijiji waliona ardhi na mikoko yao vinakwenda, wakaenda mahakamani, na mradi ule haukutekelezwa. Waliitwa washamba. Leo dunia nzima inahimiza kuhifadhi mikoko, na walioitwa washamba wameonekana kuwa waliona mbali. Kuuliza si kukataa.

Nasaha zetu

Kwa viongozi wetu, Diwani, Mbunge na Halmashauri ya Kibiti: panapozungumzwa upanuzi wa Mafia au Dar es Salaam, msikae kimya kwa kudhani hayo ni ya wilaya nyingine. Ulizeni sehemu ya Kibiti ni ipi.

Kwa jamaa wa misikiti yetu: kwanza, kila mwenye shamba la mpunga, minazi au kiwanja ahakikishe mipaka yake inajulikana kwa majirani na imeandikwa katika serikali ya kijiji. Siku ya tathmini si siku ya kuanza kutafuta mashahidi. Pili, tuhudhurie mikutano mikuu ya vijiji. Jamaa wanaojaza Msikiti siku ya Ijumaa hawashindwi kujaza uwanja wa kijiji mara moja kwa miezi mitatu. Tatu, wavuvi wa kaa na kamba waungane katika ushirika wa kweli, wenye mizani yao wenyewe, daftari lao na kizimba cha kuhifadhia kaa hai, ili wauze pamoja. Mizani ya haki ni amri ya dini kabla ya kuwa shuruti la biashara.

Nne, nasi tujisahihishe. Anayevua kaa mchanga ambaye hajafikia kimo, au anayekata mikoko hovyo, anaidhulumu delta kama anavyoidhulumu tajiri mwenye mizani mbovu. Hatuwezi kudai haki kwa mkono mmoja na kuiharibu kwa mkono wa pili.

Ndege zitaendelea kupita juu ya Salale, na inshallah zitaongezeka. Tunachoomba ni kwamba safari hii wanaopanga njia za angani wakumbuke kwamba chini ya njia hizo wapo watu, wana majina, wana mashamba, wana mali inayosafiri mbali kuliko wao wenyewe. Haki yao si hisani ya mtu. Ni deni, na deni hulipwa kwa wakati wake.

Wabillahi tawfiiq.